Mchezaji Majeruhi Apumzishwe Goti, Asipumzishwe Akili: Taswira na Ishara za Mikono katika Kujifunza Mbinu za Mchezo

Katika viwanja vingi vya vumbi, mazoezi ya jioni hufungwa kwa namna moja. Kocha huwakusanya wachezaji, huchukua kijiti, huchora mstatili mchangani, hupanga mawe na vifuniko vya chupa badala ya wachezaji, kisha hueleza namna timu itakavyokaba kona siku ya Jumamosi. Wachezaji huinama, hutazama na kutikisa vichwa kuonyesha kwamba wameelewa. Jumamosi ikifika, kona ya kwanza inapopigwa, wawili hukimbilia mpira mmoja, nguzo ya mbali hubaki bila mtu, na nyavu hutikisika. Kocha hushika kichwa na kulalamika kwamba alisema, alichora, na wote waliitika.

Pembeni ya duara hilo, chini ya mti, mara nyingi huwapo mchezaji mwingine aliyefungwa bendeji gotini. Yeye hakuitwa kutazama mchoro. Hospitalini ameambiwa apumzike, na klabu imelipokea neno hilo kwa maana pana kuliko alivyokusudia tabibu: apumzike mguu, apumzike mazoezi, apumzike hata kufikiri pamoja na wenzake. Atakaporudi baada ya miezi kadhaa, goti litakuwa limepona ilhali mbinu za timu zitakuwa zimebadilika, naye atacheza akiwa nusu hatua nyuma ya kila mtu.

Matatizo haya mawili huonekana mbalimbali, lakini mzizi wake ni mmoja. Imezoeleka kudhani kwamba mbinu ya mchezo hujifunzwa ama kwa macho, kwa kutazama mchoro, ama kwa miguu, kwa kuirudia uwanjani. Kati ya njia hizo mbili ipo ya tatu ambayo haigharimu fedha na haihitaji uwanja: mchezaji huijenga mbinu akilini kwa taswira, na kuifuatisha kwa ishara za mikono yake mwenyewe. Njia hii inastahili nafasi rasmi katika mazoezi ya timu, na inastahili zaidi kuandikwa katika mpango wa matibabu ya mchezaji majeruhi.

Ni vema kwanza kueleza kwa nini mchoro peke yake hautoshi. Mbinu ya kukaba kona si habari moja. Ni mkusanyiko wa habari zinazotembea kwa wakati mmoja. Nani anasimama nguzo ya karibu, nani anamfuata mshambuliaji mrefu, nani anabaki ukingoni mwa boksi kuusubiri mpira unaorudi, na kila mmoja anaanza kukimbia lini. Uwezo wa akili wa kushika mambo mapya kwa wakati mmoja ni mdogo. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alieleza kwamba kikomo hicho hukaribia mambo saba. Mwaka 2001 Nelson Cowan alionyesha kuwa, mbinu za kujisaidia zikiondolewa, kikomo hukaribia manne tu. Mchezaji anayetazama vifuniko kumi vya chupa vikisogezwa huku akisikiliza maelezo amekwisha kukivuka kikomo hicho kabla kocha hajamaliza sentensi ya pili. Kichwa anachotikisa si cha uongo, kwa kuwa wakati ule ameelewa kweli. Lililokosekana ni kuhifadhi.

Mabingwa huvuka kikomo hiki kwa kuunganisha vipande vingi kuwa kimoja. William Chase na Herbert Simon walionyesha jambo hilo mwaka 1973 kwa wachezaji wa sataranji. Bingwa akioneshwa kwa sekunde chache ubao wa mchezo halisi, huweza kuupanga upya kwa usahihi mkubwa. Lakini kete zikipangwa ovyo, ubingwa wake karibu wote hutoweka. Wapenzi wa bao wa pwani hawahitaji kusafiri mbali kulielewa hilo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na fundi wake hukaa kimya, macho yakitembea, akiziona kete zikisambaa kabla ya kuigusa hata moja. Wakati mwingine kidole chake hutikisika juu ya mashimo, kana kwamba kinahesabu. Watazamaji hukiona kidole hicho kama tabia tu. Huenda ni sehemu ya fikra yenyewe.

Sayansi ya ubongo imeeleza kwa kiasi kizuri kinachotendeka mtu anapofikiri tendo bila kulitenda. Mwaka 1989 Jean Decety, Marc Jeannerod na mwenzao walionyesha nchini Ufaransa kwamba muda ambao mtu hutumia kutembea akilini hadi alama fulani hukaribiana na muda anaotumia kutembea kwa miguu, na kwamba alama ikiwa mbali zaidi, muda wa akilini nao huongezeka. Taswira ya tendo, basi, si picha iliyotulia ukutani. Ina mwendo na ina saa yake. Uchunguzi uliofuata ulibainisha kuwa sehemu za ubongo zinazopanga mwendo hushiriki pia mwendo unapofikiriwa tu.

Mwaka 1995 Alvaro Pascual-Leone na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo limebaki mfano mashuhuri. Watu wasiojua kupiga piano walifundishwa zoezi la vidole vitano. Kundi moja lilipiga piano saa mbili kila siku kwa siku tano. Kundi jingine lilikaa mbele ya piano kwa muda uleule likifikiri zoezi hilo bila kugusa. Ramani ya misuli ya vidole katika gamba la ubongo ilibadilika kwa makundi yote mawili. Waliofikiri tu walifika siku ya tano wakiwa na ustadi unaolingana na wa siku ya tatu wa wale waliopiga, na walipopewa kipindi kimoja cha kupiga kwa vidole, wakawakaribia. Matokeo hayo yana sehemu mbili, na zote ni muhimu: fikra pekee ilifundisha, na fikra pekee haikufika mbali kama mazoezi.

Mikono inaongeza nini juu ya taswira? Inaongeza mambo matatu.

Kwanza, inaupunguzia ubongo mzigo. Susan Goldin-Meadow na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba watu wanaoeleza hesabu huku wakitumia mikono hukumbuka zaidi orodha waliyopewa kushika pembeni kuliko wanapoeleza mikono ikiwa imetulia. Mkono hubeba sehemu ya fikra, na akili hupata nafasi ya kushika jambo jingine.

Pili, mkono una makao mapana ubongoni. Tangu Wilder Penfield na Edwin Boldrey walipochapisha mwaka 1937 kazi yao ya kuchora ramani ya gamba la ubongo la binadamu, imefahamika kwamba sehemu inayohusika na mkono na vidole ni kubwa kuliko ukubwa wa kiungo chenyewe ungelivyotarajiwa kudai. Kiganja kikitembea juu ya meza kuiga njia ya winga, mwili unashiriki katika somo, ingawa miguu imelala kitandani.

Tatu, mkono hufichua kilichofichika, na hili ndilo lenye thamani kubwa zaidi. Taswira ya akilini haina shahidi. Mchezaji anaweza kufumba macho, akaona mbinu iliyopinda, akaridhika nayo. Mkono wake unapotembea, kocha huiona taswira hiyo na kuisahihisha papo hapo. Watumishi wa afya wanaujua ukweli huu kutokana na kazi yao ya kila siku. Mgonjwa mwenye maumivu ya moyo hukunja ngumi na kuiweka katikati ya kifua kabla hajapata neno la kuyaelezea. Mwenye jiwe linaloshuka kutoka kwenye figo huupeleka mkono toka ubavuni hadi kwenye kinena. Tabibu mwenye uzoefu huisikiliza mikono kama anavyousikiliza mdomo. Kocha naye anaweza kujifunza usikivu huo.

Wapo wanaofanya hivi tayari bila kusubiri ruhusa ya wataalamu. Marubani wa maonyesho ya angani hukaa vitini kabla ya kuruka, wakafumba macho na kusogeza mikono kana kwamba wameshika usukani, huku kiongozi wao akitamka amri kwa mdundo ule atakaoutumia angani. Wateremkaji wa theluji huonekana juu ya mlima wakipinda viganja kushoto na kulia, wakiipitia njia yote kabla ya kuanza. Wacheza dansi huigiza mizunguko ya mwili kwa viganja ili kuhifadhi nguvu huku wakikumbuka mpangilio. Barani Afrika pia swali hili limeingia maabara: katika Chuo Kikuu cha Sfax nchini Tunisia, watafiti wa sayansi ya michezo wamekuwa wakichunguza namna wachezaji wa kikapu na soka wanavyojifunza mbinu kutokana na picha, video na michoro yenye mishale. Jambo hili, kwa hiyo, si anasa ya klabu tajiri za Ulaya.

Sasa irudiwe habari ya majeruhi, kwa kuwa hapo ndipo afya ya mtu imo hatarini. Mchezaji aliyekatika ligamenti ya mbele ya goti na kufanyiwa upasuaji anatakiwa kusubiri muda mrefu. Ushahidi unaonyesha kwamba wanaorudi katika michezo ya kugeuka na kukata kona kabla ya miezi 9 hujiongezea hatari ya kuumia tena. Kila mtumishi wa afya aliyewahudumia wachezaji anamfahamu kijana anayeahidi kusubiri, kisha huonekana uwanjani mwezi wa tano. Ni rahisi kumwita mkaidi. Lakini ukaidi huo mara nyingi una chanzo: anaona nafasi yake ikichukuliwa, anasikia wenzake wakitaja mipango asiyoijua, na kila wiki inayopita inamthibitishia kwamba anasahaulika. Mtu aliyeondolewa katika kundi atalirudia kundi hata kwa kuchechemea.

Cheti kinachosema tu "apumzike" humwacha kijana huyo peke yake na hofu yake. Cheti kingeweza kusema zaidi: apumzishe goti, afanye mazoezi ya fiziotherapia kama alivyoelekezwa, na ahudhurie kila kikao cha mbinu akishiriki kwa taswira na kwa mikono. Hakuna anayeweza kuahidi kwamba maneno hayo yatamzuia kila mmoja kurudi mapema. Yanachofanya ni kumpa kazi halali inayomweka ndani ya timu, na kumwondolea mojawapo ya sababu za kudanganya.

Namna ya kufanya si ngumu. Kocha aonyeshe mbinu moja tu kwa kikao, naye aanze na sehemu chache: labda beki watatu na kipa, kabla ya timu nzima. Baada ya maelezo mafupi mchoro ufunikwe au ufutwe. Kila mchezaji afumbe macho na kuiona mbinu akiwa katika nafasi yake mwenyewe, kwa kasi ya kweli, akiona anachokiona beki au winga uwanjani. Asijitazame kama aliyekaa jukwaani. Kisha afumbue macho na kuirudia kwa mikono: mkono mmoja uwe yeye, mwingine uwe mwenzake au mpinzani, na kinywa kitaje kinachomfanya aanze kusogea, kwa mfano "mpira ukiondoka mguuni". Mwishowe wabadilishane nafasi, ili beki aonyeshe njia ya kiungo na kiungo aonyeshe ya beki. Majeruhi hufanya yote haya sawasawa na wenzake, na huenda akapewa wajibu wa kutazama mikono ya wengine na kusema nani amepotea.

Muda usizidi dakika chache kwa mbinu moja. James Driskell na wenzake, walipojumlisha mwaka 1994 matokeo ya tafiti nyingi za mazoezi ya akilini, waliona kwamba faida ipo lakini ni ndogo kuliko ya mazoezi ya mwili. Kwamba ni kubwa zaidi katika kazi zenye sehemu kubwa ya fikra. Kwamba kipindi cha takriban dakika 20 kilifaa. Na kwamba faida hufifia siku zinapopita bila kurudia. Mbinu za mchezo ni kazi ya fikra kuliko ilivyo kupiga mpira kwa kichwa, na ndiyo maana matumaini ya njia hii yamewekwa hapa, si katika kufundisha shuti.

Pingamizi zipo, na zinastahili kujibiwa kwa haki. Wapo wasemao kwamba huku ni kuwafanya watu wazima wacheze kitoto, au kwamba ni njia ya kuficha uvivu wa mazoezi. La kwanza ni suala la aibu, nalo huisha kocha anapotangulia kufanya mwenyewe. La pili lina uzito. Timu itakayokaa kivulini ikipunga mikono na kuacha kukimbia itachoka dakika ya 60, wala hakuna taswira itakayoiokoa. Kazi ya akilini huandaa mazoezi ya uwanjani na kuyaimarisha, haiyaondoi.

Pingamizi jingine ni la kitabibu: watu hawafanani katika uwezo wa kuona kwa jicho la akili. Francis Galton aliligundua hilo mwaka 1880 alipowauliza watu kuhusu picha ya meza yao ya kifungua kinywa, na mwaka 2015 Adam Zeman na wenzake waliipa hali ya kutoona picha yoyote akilini jina la afantasia. Si ugonjwa wala upungufu wa akili. Mchezaji wa namna hiyo akilazimishwa kufumba macho atajiona mjinga bure. Huyu aachwe aanze na mikono na maneno, macho yakiwa wazi. Ndiyo faida nyingine ya kutotegemea taswira pekee.

Aliyepata mtikisiko wa ubongo ni jambo tofauti kabisa. Kwake ubongo ndicho kiungo kilichoumia. Mwafaka wa kimataifa uliotokana na mkutano wa Amsterdam wa mwaka 2022 unataka mchezaji anayeshukiwa kuwa na hali hiyo aondolewe uwanjani mara moja, apate mapumziko ya kiasi kwa saa 24 hadi 48 za mwanzo, apunguze kutazama skrini katika kipindi hicho, kisha arudishwe hatua kwa hatua. Kikao cha mbinu ni kazi ya akili, na kwake kiingizwe kwa idhini ya tabibu. Dalili zikizidi, kama kichwa kuuma au kizunguzungu, kisimamishwe. Vilevile, mchezaji ambaye kila akifumba macho huona tena tukio lililomvunja mguu asiambiwe avumilie. Huyo anahitaji kusikilizwa na mtaalamu wa afya ya akili kabla ya kupewa zoezi lolote la taswira.

Wagonjwa wasio wanamichezo wanaweza kuuliza habari hii inawahusu nini. Inawahusu waliopata kiharusi, miongoni mwa wengine. Tathmini ya Cochrane ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba mazoezi ya akilini yakiongezwa juu ya tiba nyingine huelekea kuusaidia mkono uliodhoofika. Hata hivyo jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2011 na Magdalena Ietswaart na wenzake, ambalo lilitumia mazoezi ya akilini pasipo kuyaambatanisha na ya mwili, halikuona faida. Somo ni lilelile la piano na la uwanjani: akili na mwili vifunge safari pamoja. Familia inayomwambia mgonjwa aufikirie mkono wake ikidhani imemaliza, haijamsaidia. Inayomwambia aufikirie, kisha ikamsaidia kuusogeza, imeelewa.

Kwa hiyo mambo matatu yanadaiwa. Makocha waache kuridhika na vichwa vinavyotikisika, na waidai mbinu kutoka katika mikono ya wachezaji wao. Madaktari na wataalamu wa fiziotherapia wanaowahudumia wanamichezo waandike katika mpango wa matibabu kile ambacho majeruhi anaruhusiwa kufanya, si kile tu alichokatazwa. Nao walimu wa sayansi za afya na za michezo wawafundishe wanafunzi wao njia hii pamoja na mipaka yake, na kuipima katika viwanja vya hapa, kwa wachezaji wa hapa, badala ya kusubiri majibu yaletwe.

Hakuna kati ya hayo linalohitaji bajeti mpya. Mchanga upo, mawe yapo, mikono ipo. Jioni ijayo, kocha atakapochora mstatili wake, jambo la kwanza la kufanya ni kumwita yule aliye chini ya mti asogee, apewe nafasi katika duara, na aulizwe kama wenzake: onyesha, wewe utakuwa wapi?